Mcheza Poka Asiye na Alama za Vidole

Kaka yangu hana alama za vidole. Sisemi kwa mafumbo. Ukimshika mkono ukaugeuza kwenye mwanga, utaona ncha za vidole vyake vyote kumi zimelainika, zinang'aa kidogo, hazina ile mistari ambayo Mungu kampa kila mtu ya kwake. Ni fundi seremala Keko, hapa Dar, na msasa umekula kila kitu. Kilichobaki kwenye msasa kimeliwa na vanishi.

Mie nililijua hilo miaka ile tulipotakiwa wote kusajili laini za simu kwa vidole. Tulikwenda pamoja kwa wakala mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli pale Temeke. Mashine ikapokea kidole changu mara moja. Chake ikakataa. Dada wa mwavuli akamwambia ajipanguse, akajipangusa kwenye shati, ikakataa. Akamwambia apulizie pumzi, akapulizia, ikakataa. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Mtu mmoja akasema, "Huyu mzee jambazi nini, kajichoma vidole?" Nikageuka, nikampa maneno ambayo mwalimu wa shule ya msingi hatakiwi kuyajua. Kisha kwa hasira zangu nikamwambia yule dada, "Sajili laini yake kwa jina langu, tuondoke, jua linatuua. Si ni laini tu!"

Laini tu. Ningejua!

Mie nafundisha darasa la nne huku Tegeta, na kanisani kwetu ni mzee wa kanisa. Nayaeleza haya ili ujue nilivyojisikia siku mama, ambaye naishi naye, aliponiambia huku anachambua mchicha, bila hata kuinua uso, "Kaka yako siku hizi anachezaga karata na Wazungu kwenye simu. Anawafunga kweli kweli."

"Karata za hela?"

"Sasa wewe, Wazungu watacheza bure?"

Jumamosi yake nilifunga safari hadi Keko, maneno nimeyapanga kichwani kama andalio la somo. Nilimkuta bandani kwake, kando ya barabara, vitanda vimesimamishwa nje vinasubiri wateja, randa za majirani zinapiga kelele hadi meno yanauma. Alikuwa ndiyo kwanza amepaka gundi fremu za mlango wa kabati na kuzibana kwa vyuma. Akajipangusa mikono, akavuta kigoda, akaiegesha simu kwenye kipande cha mninga.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mwalimu. Kaa hapo. Usinigombeze kwanza, nina kama saa nzima hivi."

"Ya nini?"

"Gundi inakauka."

Ndivyo alivyokuwa akicheza, nami sikuwahi kumwona akicheza vingine. Akishabana mbao, kabla hazijashikana, huwezi kuzigusa. Mafundi wengine muda huo wanapiga soga au wanalala. Yeye anaingia mezani. Gundi ikikauka anatoka, hata awe anashinda, hata awe anashindwa. Aliponieleza utaratibu huo nilicheka kwa dharau, nikamwambia kila mlevi ana utaratibu wake. Hakukasirika. Kaka yangu huwezi kumkasirisha, na hilo peke yake limenikasirisha miaka arobaini.

Basi nikakaa nikamwangalia. Mchezo wenyewe, poka, si mgumu kuuelewa kwa juu juu. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, kisha mezani zinafunuliwa tano za wote, na mwenye mkusanyiko bora ndiye mshindi. Katikati hapo watu wanaongeza dau, wanatishiana, wanakimbiana. Siku ile kaka alikuwa ameshika ree mbili. Ree ndiyo karata kubwa, hata mie niliyekua nikicheza arobastini najua. Nikamwambia, "Wamekwisha!" Mezani zikafunuliwa karata, na nne kati ya zile tano zilikuwa shupaza. Mtu mmoja, sijui yuko nchi gani, akaongeza dau. Kaka akaiangalia simu kwa muda kama anavyoangaliaga ubao uliopinda. Halafu akazitupa ree zake.

"Wewe!" nilipiga kelele, fundi wa jirani akachungulia. "Ree mbili unatupa?"

"Shupaza nne zimelala pale, mwenye moja tu anatimiza tano za aina moja na ree zangu zimekwisha, nami sina hata moja. Na huyu bwana tangu nimekaa hajaongeza dau kama hana kitu."

"Je kama anakutishia?"

"Basi kanitisha vizuri. Hongera zake."

Yule mtu, kwa majivuno, akafunua karata zake. Alikuwa na shupaza. Kaka akatikisa kichwa, akatabasamu. Nikaona raha usoni mwake ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya harusi yake. Alikuwa amepoteza, naye anafurahi kwa sababu alisoma sawasawa. Baadaye akagusa gundi kwa ukucha. "Imekauka," akasema, akafunga simu. Nilikuwa nimekuja kugombana, nikaishia kumshikia ubao.

Poka alifundishwa na mteja. Mtu huyo alimletea picha ya meza ya duara yenye kitambaa cha kijani katikati, akamwomba amtengenezee kama ile. Kaka hawezi kutengeneza kitu asichojua kinatumikaje. Akauliza, yule mteja akakaa naye alasiri nzima akamfundisha. Meza ilipoondoka mchezo ukabaki.

Na hapa nirudi nyuma kidogo. Sisi tumezaliwa milimani Upareni, wawili tu. Baba alipofariki kaka alikuwa kidato cha pili, na mwalimu wake wa hesabu alikuja nyumbani mwenyewe, kwa miguu, kumwomba mama asimtoe mtoto yule shule. Hakutolewa na mama. Alijitoa. Alishuka Dar akaanza kujifunza useremala kwa ndugu wa baba hapo hapo Keko, na ada yangu ikawa inapanda milima kwa mkono wa kondakta wa basi, ndani ya bahasha yenye harufu ya vanishi. Mie nikasoma hadi chuo cha ualimu. Nafundisha kugawanya na kuzidisha, wakati mwenye kichwa cha hesabu kwetu ni yeye. Aliwahi kuniambia mara moja tu, wala hakuwa analalamika, "Pale mezani, mdogo wangu, hakuna aliyeniuliza nimeishia darasa la ngapi." Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Tangu hapo sikumsema tena.

Miaka minne ikapita hivyo. Halafu likaja suala la sheria. Serikali ilitaka michezo ya kubahatisha ya mtandaoni iwe na leseni, na mwenye mchezo amjue kwa hakika anayemchezesha. Mafundi wenzake pale Keko, wale wa kubashiri mpira, walilalama wiki nzima. Wanatubana, wanatuonea wivu, hata kidogo chetu wanakitaka. Kaka hakulalama. Aliipakua sheria, akaenda duka la steshenari akaichapa, karatasi kibao, akawa anaisoma gundi inapokauka badala ya kucheza. Wapare tunataniwa kwamba tunapenda kesi kuliko ugali. Basi yeye aliisoma ile sheria kana kwamba keshokutwa anasimama mahakamani. Jumapili akaja nayo Tegeta, imejaa mistari ya penseli ile ile nene anayochorea mbao, ili nimsaidie Kiingereza. Penye Kiingereza kilichonishinda mie tulifungua kamusi.

"Ina akili hii," akasema alipomaliza. "Mtoto wa shule asiingie kwa simu ya baba yake. Mtu akisema nifungieni, nimeshindwa kujizuia, wamfungie. Na akishinda mtu, ijulikane ni yeye aliyeshinda. Mie naiunga mkono."

Akarudi Keko akawaeleza wenzake kipengele kwa kipengele. Wakamwita mheshimiwa mbunge.

Haikupita muda, kampuni ya nje inayoendesha meza zake ikawaandikia wachezaji wote wa huku. Imeamua kufuata sheria. Kila mchezaji, kabla ya mwisho wa mwezi, atoe namba ya kitambulisho cha taifa. Jina la kwenye akaunti, la kwenye kitambulisho na la mwenye laini ya simu lazima liwe moja. Kisha mwenye jina hilo ajirekodi video fupi, uso mbele ya kamera, aseme yeye ndiye mchezaji. Asiyethibitisha, akaunti yake inafungwa.

Kufungwa kwenyewe kusingeuma sana siku nyingine. Lakini Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata, saa tisa alasiri, kulikuwa na mashindano makubwa ya mwaka ya pale mezani, na kaka alikuwa amefuzu. Miezi minane ya mchujo, kwa vipande vya dakika arobaini, saa moja, kabati kwa kabati, kitanda kwa kitanda. Watu aliowatoa njiani wengine walikuwa wanaamka asubuhi hawana kazi nyingine ila hiyo. Hela za pale sitaziandika, maana hata yeye hakuwa anazitaja. Alitaka kukaa na wale watu aone. "Nataka nijue nafika wapi," alisema. Hayo tu.

Na laini yake ilikuwa kwa jina langu.

Tulifikiria kila njia. Kuhamisha laini iwe yake kunataka vidole vyake. Kununua laini mpya kunataka vidole vyake. Kwenda kwenye ofisi ya vitambulisho wamchukue alama upya inawezekana, wakatuambia kwa upole, ila hadi zionekane kwenye mfumo mwezi utakuwa umekwisha zamani. Nilikaa sebuleni kwangu nikajilaumu kwa sauti hadi mama akaniambia nimemchosha. Ndipo likanijia wazo.

"Kaka, mbona rahisi? Laini ni ya kwangu. Tubadilishe jina la akaunti liwe langu, nitoe kitambulisho changu, nikae mbele ya kamera niseme mchezaji ni mie. Sekunde thelathini. Jumapili unacheza wewe. Nani atajua?"

Jamani, mzee wa kanisa mie! Na ningefanya, tena bila kupepesa macho. Nilikuwa tayari kabisa.

Akaiweka simu chini. "Mwalimu, pale mezani nadanganya kila siku. Naongeza dau sina kitu, natulia nina kila kitu. Ila wote tuliokaa pale tumekubaliana tudanganyane hivyo, ndiyo mchezo wenyewe. Hili la jina sijakubaliana na mtu."

"Unajifanya malaika!"

"Siyo umalaika. Nikishinda, atakuwa ameshinda nani?"

 Nilimfokea tu, nikamwambia ana kichwa kigumu, nikaondoka nikafunga mlango kwa nguvu, halafu nikakumbuka ni nyumbani kwangu nikarudi.

Aliyelikumbuka jambo lenyewe ni yeye. Wakati anaandikishwa kitambulisho cha taifa, miaka hiyo, vidole vyake vilisoma vizuri tu. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa amevunjika mguu, ubao wa mkongo ulimwangukia, akakaa ndani miezi miwili hajagusa msasa. Vidole vilikuwa vimeota upya. Basi akaamua kuviotesha tena.

Tulikuwa na siku ishirini na tatu. Kupima, kukata kwa msumeno na kubana aliendelea navyo, tena kwa glovu. Kazi yote ya msasa na vanishi akampa fundi wa banda la jirani. Kila jioni anapaka mafuta ya nazi. Keko nzima ikapata la kusema. "Mzee kawa bibi harusi!" "Tumletee na hina?" Akipita anainua mikono yake yenye glovu anawapungia kama askofu. Na Jumapili akija kwangu, mie na miwani yangu ya kusomea nilivikagua vidole kimoja kimoja, nikamwekea maksi kwa kalamu nyekundu kwenye daftari. Wiki ya kwanza gumba la kulia lilipata mbili kwa kumi. Wiki ya pili lilipata tano, nikaandika "jitihada nzuri". Wiki ya tatu, naapa, mistari ilionekana, miembamba kama ya mtoto mchanga, nikampa nane. Mama, nilipomsimulia, akadai nampendelea.

Jumatano ya mwisho tulikwenda duka la kampuni ya simu kujaribu. Binti wa kaunta alikuwa mvumilivu. Mashine ilikisoma kidole kimoja nusu, ikasita, ikakataa; gumba lilibaki kidogo sana. Yule binti akasema, "Baba, bado siku chache tu. Usishike kitu. Njoo Jumatatu." Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi. Tulitoka pale tunacheka, tukanunua juisi ya miwa.

Sijasema kuhusu mama. Katikati ya wiki hizo aliteleza kwenye ngazi ya uani, nyonga ikavunjika, akafanyiwa upasuaji. Siku ile ile ya Jumatano hospitali walituambia ataruhusiwa Jumamosi, ila asichuchumae kabisa, atafutiwe kiti cha choo cha juu, chenye tundu katikati na mikono ya kushikia. Madukani vilikuwepo vya chuma, ila mama ni mdogo mno, angepotea ndani yake, miguu ingening'inia. Kaka akampima kwa kamba pale pale kitandani hospitali, akaenda kumtengenezea. Alikata, akaunga, akabana. Msasa akapiga yule jirani.

Ijumaa nilitoka shule mapema, nikakodi kirikuu, kale kagari ka mizigo, nikaenda kukichukua kiti. Kilikuwa kiti kizuri, cha mninga, kifupi, kimesimama imara. Kaka akavua glovu ya kushoto, akakunja shati, akapitisha upande wa ndani wa mkono wake, ule ulio laini, taratibu kuzunguka lile tundu. Akasimama. Akarudia. Akauinua mkono, nikaona kibanzi kimechoma kwenye ngozi.

"Kidogo tu hicho," nilisema haraka. Nilishajua kinachofuata.

"Ngozi ya mama inachanika hata ukimshika vibaya."

"Basi mrudishie jirani apige tena!"

"Kapiga mara mbili. Huku ndani ya mduara mashine haiingii, na yeye anapiga akiwa na haraka. Hapa panataka kidole."

"Vaa glovu!"

"Glovu haisikii."

Nikamshika mkono. Nikamwambia kuna mto, nitashona mto, nitaufunika mduara wote kwa taulo, nitalaza pamba. Nikamwambia Jumatatu ni keshokutwa ya kesho, siku tatu tu, mama anaweza kukaa na taulo siku tatu. Nikamwambia umesubiri miezi minane. Nikamwambia, na hapa nilikuwa nalia kwa hasira mbele ya mafundi wote, "Kwa nini kila siku iwe wewe? Ulishaacha shule! Inatosha!"

Hatukuwahi kulitaja hilo, hata siku moja, tangu utoto. Randa za jirani zikanyamaza. Au mie ndiye sikuzisikia.

Akautoa mkono wake mkononi mwangu polepole. "Mwalimu," akasema, "mama anakuja kesho."

Akavua na glovu ya pili. Akachana kipande cha msasa mkavu, akakizungushia kidole gumba cha kulia, kile cha nane kwa kumi, akaanza kuzunguka ndani ya mduara. Akimaliza anapapasa kwa vidole vitupu, anafumba macho, anasikiliza kwa ncha zake, anarudia palipokwaruza. Akabadilisha msasa ukawa laini zaidi, akabadilisha tena. Kila kidole kilipata zamu yake. Nilikaa juu ya rundo la mbao nikaangalia kazi yangu yote ya kalamu nyekundu inageuka vumbi. Nilimchukia kwa kama dakika kumi. Halafu, sijui ilikuwaje, nikaanza kuangalia kazi yenyewe. Mtu yule alikuwa anakiangalia kile kiti cha choo, cha choo jamani, kwa uangalifu ule ule aliozitazamia ree zake mbili. Hakuona kuna cha heshima kubwa na cha heshima ndogo. Alipomaliza aliniambia nipitishe shavu langu. Nikapitisha. Nimeshika vitambaa vya hariri dukani havijafikia pale.

Jumatatu tulikwenda, kwa sababu alisema tumeahidi kwenda. Binti wa kaunta aliviangalia vidole. Akajaribu vyote kumi, kimoja kimoja, hakuruka hata kile kidogo cha mwisho cha kushoto. Mashine ikalia mara kumi, ikavikataa vyote. "Pole sana, baba," akasema, nikaona naye machozi yanamlengalenga.

"Usijali, binti yangu," kaka akamjibu. "Mashine haijakosea. Yenyewe inamtafuta yule aliyekuwa amevunjika mguu."

Mchana huo huo aliwaandikia wale wenye meza. Mie nilisahihisha Kiingereza tu, maneno ni yake. Aliwaambia laini anayotumia ni ya mdogo wake, kitambulisho ni chake, vidole vyake haviwezi kuthibitisha kwa sasa, na kwa hiyo wamfungie kama sheria inavyosema. Akizipata alama zake mpya ataomba tena. Akawatakia mashindano mema. Wakajibu kwa mistari miwili ya shukrani, na asubuhi yake akaunti haikufunguka. Mafundi wenzake, wanaopiga msasa kwa mashine na waliosajili kila kitu kwa vidole vyao kamili, wanaendelea kubashiri mpira hadi leo. Yeye aliyeisoma sheria yote na kuitetea ndiye iliyemwacha nje, wala sikumsikia akiitukana. Mie ndiye niliyeitukana, kwa wote wawili.

Jumapili ile baada ya ibada alikuja kwangu, mkononi ana boksi jipya la karata. Ilikuwa karibu saa tisa. Saa ile ile ya mashindano. Mama alikuwa chumbani, kwenye kiti chake. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke alikataa tusimame naye, akasema hicho kiti kinamtosha na anataka faragha. Kaka akaniambia nilete kunde. Tukagawana kunde mbichi badala ya hela, fungu kwa fungu, juu ya meza ya sebuleni, akanifundisha kuongeza dau, kutulia, kutupa. Akanifunga mara sita. Mara ya saba nilipata jozi ya kumi, yaani kumi mbili, nikajiona malkia. Nikasukuma kunde. Akasukuma. Karata za mwisho zikafunuliwa, akaniangalia usoni, macho makavu, akasukuma kunde zake zote katikati, fungu zima.

Nilitafuta usoni mwake nikakosa hata pa kuanzia. Jozi ya kumi ikaanza kuonekana ndogo. Nilikuwa nazitupa, mkono umeshainuka, ndipo mama akaita, "Nyie, njooni mniinue!"

"Gundi imekauka," kaka akasema. Akalaza karata zake kifudifudi, akaenda.

Nikachungulia. Mie nina tabia mbaya, umeshaona. Alikuwa na mbili ya pau na saba ya uru. Hakuna kitu. Hakuna kitu kabisa! Mtu aliyenikataza kusema uongo wa sekunde thelathini kwa ajili yake alikuwa amenitazama machoni, shwari, na mbili na saba mkononi. Nikaanza kucheka peke yangu pale mezani, halafu machozi yakaja, sikuyazuia. Ndivyo angewafanya wale watu. Saa ile ile, kwenye meza ile, kuna mtu alikuwa amekaa mahali pake asijue amenusurika na nini.

Kutoka chumbani nikamsikia mama, anahema, anainuliwa, "Taratibu, baba. Haya. Nani kashinda huko?"

"Mwalimu," kaka akasema. "Mwalimu kashinda."